Harusi Itasubiri Mavuno

Ukiwatafuta Wagarasia mtandaoni, cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba watu hawa hawaoani. Ni kabila la India, utasoma, ambalo vijana wake wanaishi kinyumba tangu enzi za mababu, wanazaa, wanalea, na harusi wanaifunga wakishazeeka, wakipenda. Miaka ya 2010 habari hii ilizunguka dunia nzima na picha zake: bwana harusi mwenye mvi, bibi harusi kafunikwa ushungi mwekundu, na wana wao wa kuwazaa wako pembeni, nao wanaoa siku hiyohiyo. Ilipotua kwenye makundi yetu ya WhatsApp ilipokelewa kwa vicheko na mapovu. Mmoja akasema kumbe uchumba sugu haukuanzia Sinza. Mwingine akashusha aya.

Mimi nilisoma Ahmedabad, na mwanafunzi mwenzangu mmoja alikuwa Mgarasia wa upande wa Khedbrahma, kwa hiyo habari ile ilinikera. Uongo haukuwemo. Kilichoniudhi ni kwamba iliandikwa kana kwamba hawa ni watu wasio na masharti, wakati mimi sijawahi kukaa na watu wanaokumbuka nani anamdai nani kama wao. Wanachoahirisha ni sherehe. Deni lenyewe halilali, na likikaa muda mrefu ndio kwanza linatajwa kila kikao.

Kwa asiyewajua: tafuta mpaka wa majimbo ya Rajasthan na Gujarat, pale safu ya milima ya Aravalli inapoelekea kuishia kusini. Upande wa Rajasthan wako Abu Road na Pindwara katika wilaya ya Sirohi, wako Bali katika wilaya ya Pali, wako Kotra katika wilaya ya Udaipur. Ukivuka kuingia Gujarat unawakuta Danta, Khedbrahma na Poshina. Sensa ya 2011 iliwahesabu zaidi ya laki tatu Rajasthan peke yake. Gujarat orodha ya serikali ya makabila inawatia Wadungri Garasia, Wagarasia wa milimani, kwenye fungu moja na Wabhil, kabila jirani, kwa hiyo hesabu zao zimemezwa humo.

Orodha ya Rajasthan nayo ina mabano yake. Imeandikwa Garasia, halafu kwenye mabano, isipokuwa Rajput Garasia. Mabano hayo yamebeba ugomvi mzima. Wagarasia wengi husimulia kwamba mababu zao walikuwa Warajput, watu wa vita, walioshindwa huko tambarare wakakimbilia milimani na kuoana na Wabhil. Koo zao ni Chauhan, Parmar, Solanki, Rathod, majina yaleyale ya nasaba za kifalme. Warajput wenye ngome na hati za mashamba hawapendi kabisa kusikia habari hizo. Rafiki yangu alikuwa akilizungumzia jambo hili bila hata kupandisha sauti. "Bhai," aliniambia, "tukitaka binti yao sisi ni Waadivasi, watu wa makabila ya porini. Wakitaka kura zetu sisi ni ndugu."

Vijiji vyao havifanani na vijiji vya tambarare vyenye nyumba zilizobanana kama watu kwenye daladala. Kila familia imekaa kwenye shamba lake, juu ya mwinuko wake, na jirani unamwita kwa kupaza sauti bondeni. Nyumba ni za udongo na mianzi, zimeezekwa vigae vya kufinyanga kwa mkono, na mbele kuna kibaraza ambapo watu, mbuzi na magunia ya mahindi wanagombania kivuli. Mahindi ndiyo chakula kikuu, yanasagwa na kuchomwa mikate minene. Nilikuwa nimechoka na chapati nyembamba za bwenini. Mkate ule na pilipili iliyopondwa na kitunguu saumu ulinifanya nikae siku nyingi kuliko nilivyoaga.

Sasa tuje kwenye hilo linalowachekesha watu.

Kijana na binti wanakutana, mara nyingi kwenye mela, mikusanyiko mikubwa inayofuata sikukuu ya Holi. Kwa upande wa Rajasthan inayotajwa zaidi ni mela ya Gaur pale Siyawa, karibu na Abu Road. Wakielewana, wanatoroka. Ndugu wa binti wanakasirika, wengine kwa dhati na wengine kwa utaratibu, kwa sababu hasira nayo ni sehemu ya mazungumzo. Kisha wazee wa pande mbili wanakaa chini na hapo ndipo inatajwa dapa: mali ambayo upande wa mwanamume utawapa wazazi wa binti. Huwa ni fedha, wakati mwingine na nafaka au mifugo. Wakishafikia bei na malipo yakaanza, wale wawili ni mke na mume machoni mwa kila mtu mlimani. Hakuna anayewaita wazinzi. Harusi yenyewe, yenye ngoma na karamu ya ukoo mzima, gharama zake ziko kwa upande wa mwanamume pia, na hiyo ndiyo inayosubiri. Inasubiri mwaka ambao mvua za masika ya India, kuanzia Juni, zimenyesha zikatulia, mahindi yakajaa ghalani na mkopeshaji wa mjini hajagonga mlango.

Na harusi zenyewe si za namna moja. Iko ile wanayoiita mor bandhiya, ambapo bwana harusi huvishwa taji na wawili wakazunguka moto kama Wahindu wengine. Iko tanana, ambayo haina moto wala taji: mazungumzo, malipo, basi.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Dapa ni mahari, na mahari ya mafungu tunayajua vizuri. Lakini ukiwa India unaona jinsi jambo hilo lilivyo la ajabu pale. Tambarare, kwa matabaka mengi, mali hutoka kwa wazazi wa binti kwenda kwa bwana harusi. Sheria iliipiga marufuku mahari ya namna hiyo mwaka 1961 na bado inadaiwa, kwa majina ya zawadi, na mabinti wanateswa na hata kuuawa kwa ajili yake. Kwa Wagarasia fedha zinakwenda kinyume. Mzee mwenye mabinti watatu hakunji uso. Waandishi waliopanda milimani kutafuta mapenzi huru walipishana na habari hii kubwa zaidi.

Na hata hilo la kuishi pamoja kwanza, mbona kwetu lipo na limeandikwa? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inawahesabu mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na wakajulikana kwa watu kama mke na mume, kuwa ni wanandoa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wagarasia hawakungoja bunge.

Babu na bibi wa rafiki yangu walifunga harusi yao mwaka ambao baba yake mdogo alikuwa tayari anachunga mbuzi. Nilimuuliza bibi, kupitia mjukuu wake, kwa nini mwaka ule na si mwingine. Alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa. Akasema mwaka ule mvua ilinyesha vizuri na kaka zake walikuwa wamechoka kumdai mumewe. Kisha akaniuliza mimi nimeshatoa ngapi na kwa nani. Nilipojibu kwamba sijaoa wala sijatoa, alimgeukia mjukuu wake na kusema kitu ambacho rafiki yangu alikataa kunitafsiria.

Nisije nikawapaka rangi, hata hivyo. Mwanamke wa Kigarasia anaweza kumwacha mwanamume na kwenda kwa mwingine, hilo ni kweli, na anayempokea hulazimika kumfidia yule aliyeachwa. Wapo wanaoliita hilo uhuru wa mwanamke. Lina uhuru wake, ndiyo, mwanamke hafi na ndoa mbaya. Lakini kikao kinachopanga bei ya kuondoka kwake ni cha wanaume, na fedha zinatoka mkononi kwa mwanamume na kuingia mkononi kwa mwanamume. Nimehudhuria vikao vya mahari vya kutosha nyumbani kujua harufu ile.

Kilichonifumbua macho zaidi kuliko ndoa ni misiba. Siku 14 baada ya Holi, usiku ambao hakuna mwezi kabisa, watu hukusanyika kijijini Gunbhakhari, wilaya ya Sabarkantha, mahali inapokutana mito mitatu: Sabarmati, Akul na Vyakul. Juu ya mito kuna hekalu la Chitra na Vichitra, wana wawili wa mfalme Shantanu wanaotajwa katika Mahabharata, utenzi wa kale wa Kihindu, ambao inaaminika waliishi hapo na kuponywa maradhi yao hapo. Mela ya Chitra Vichitra ni mkusanyiko mkubwa wa Wagarasia na Wabhil, makumi ya maelfu ya watu. Lakini kabla ya mela kuna usiku.

Familia iliyofiwa ndani ya mwaka huo huja mapema na kukaa kando ya maji. Wanawake wanakaa kwenye duara, ushungi umeshushwa hadi kidevuni, wanalia. Sijui nikuelezeje. Kilio kile kina mpangilio: mmoja anatanguliza kwa kumtaja marehemu na mambo yake, wengine wanapokea, na kabla duara moja halijapumzika lingine kule ng'ambo limeanza. Gizani huoni nyuso, unaona vimoto vya biri, sigara zao za majani, za wanaume walionyamaza nyuma yao. Walikuwa wakiwalilia watu waliofariki miezi mingi nyuma. Nyumbani walishaliliwa na kufanyiwa ibada zao. Ila kulikuwa na kilio cha ukoo, cha watu wote pamoja, ambacho kilikuwa kinangoja usiku huu.

Kulipopambazuka, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa duara la karibu nasi alishuka majini, akanawa uso, akafungua fundo kwenye pindo la ushungi wake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne na kwenda kumnunulia mjukuu wake jalebi za moto. Sauti ilikuwa imemkauka, ikabidi aonyeshe kwa vidole anataka kiasi gani. Muuzaji naye hakushangaa hata kidogo. Kufikia saa tatu asubuhi usingeamini ni mahali palepale. Kila kitongoji kilikuwa kinaingia na ngoma yake, wasichana wamejipanga kwa makundi wakiwa na sketi nzito za marinda na ushungi wa rangi moja, fedha shingoni, fedha kwenye vifundo vya miguu, na wavulana wamevaa mashati ya kufanana, vilemba na miwani ya jua. Bembea la duara likizunguka, bajia zikikaangwa, na mchoraji wa chale akiwa na mashine ya betri anawachora watu mikononi kwa foleni. Nilimwona msichana akichorwa jina. Aliuma ushungi kwa meno akitazama pembeni, wenzake wanamcheka, na kijana mmoja aliyesimama mbali kidogo alikuwa anajifanya kutengeneza simu.

Ndivyo yanavyoanza yale ya dapa.

Ngoma yao mashuhuri, walar, nilikuja kuiona upande wa Abu Road, nayo haina ngoma hata moja. Wanaume nusu duara, wanawake nusu duara, wanaimba wenyewe na kusogea taratibu mno, hatua mbele, hatua nyuma. Kwa aliyekulia kwenye mdundiko, dakika za mwanzo unadhani bado wanajipanga. Kisha unagundua mstari mzima umegeuka na wewe hukuona ulipogeukia.

Wafu wana siku nyingine tena. Mwezi mpevu wa Vaishakh, kati ya Aprili na Mei, Wagarasia wa Sirohi hupanda Mount Abu na majivu ya jamaa zao waliofariki, wakayatia kwenye ziwa la Nakki. Ni ziwa dogo katikati ya mji wa watalii, na siku za kawaida limejaa vijiboti vya kukanyaga kwa miguu na maharusi wapya wa mjini wakipiga picha. Sehemu ya majivu ya Gandhi ilitiwa humo Februari 12, 1948, na kuna mnara wa kumbukumbu. Mgarasia anayepanda na majivu ya mama yake hana mnara, ila ana zamu yake.

Hata miungu inadaiana na watu. Poshina, karibu na mpaka, chini ya miti kwenye vituo vyao vya ibada, kuna farasi wa udongo waliosimama kwa mamia na mamia, wamesongamana hadi huoni ardhi. Mtu aliyeomba mtoto, au mvua, au ng'ombe wake apone, akiahidi farasi, akipata anakwenda kwa mfinyanzi na kumnunua. Farasi wana matumbo matupu na shingo ndefu. Waliovunjika hawaondolewi. Wapya wanawekwa palipo na nafasi, na wale wa zamani wanasagika taratibu kurudi kuwa udongo. Nilimwona mtu akiwa amembeba farasi wake begani kwenye pikipiki, dereva akiendesha pole kuliko anavyoendesha akiwa na abiria.

Deni lisilolipwa upesi lina upande wake mchungu, na hapo ndipo ninapokosana na wanaoutazama utamaduni huu kwa macho ya mapenzi tu. Maeneo ya Danta, Khedbrahma na Poshina kuna desturi inayoitwa chadotaru. Mtu wa ukoo mmoja akiuawa, au akifa kifo ambacho ndugu zake wanakitilia shaka, ukoo wa mshukiwa wote unabeba hatia. Wanadaiwa fidia. Mpaka ilipwe, nyumba zao zinaweza kuvamiwa na kuchomwa, mashamba yao yakaachwa mapori, wao wakakimbia. Kumekuwa na miili iliyoachwa bila kuchomwa kwa muda mrefu kwa sababu fidia haijakamilika. Mwaka 2025 serikali ya Gujarat ilizirudisha familia 29 kwenye kijiji cha Mota Pipodara, Danta, baada ya kuishi ugenini kama miaka 12 kwa ajili ya ugomvi wa namna hiyo. Fikiria mtoto aliyekimbizwa akiwa mgongoni amerudi na ndevu, kwa kosa ambalo hakulifanya yeye wala baba yake. Rafiki yangu hakutaka kulizungumza jambo hili akiwa nyumbani kwao. Mjini, ndani ya mgahawa wenye kelele, alisema mahakama inamfunga muuaji lakini haimpi mjane kitu, ndiyo maana wazee hawaiachi. Hoja yake naielewa. Bado sioni mtoto yule ameikosea nini dunia.

Na wao pia wamedaiwa, tena na watu wenye bunduki. Mwaka 1921 mfanyabiashara wa dini ya Kijain kutoka Mewar, Motilal Tejawat, alianza kuwakusanya Wabhil na Wagarasia kupinga kodi nzito na kazi za kulazimishwa ambazo watawala wadogo wa kifalme, Mewar, Sirohi, Danta, Idar, walikuwa wakiwatoza. Harakati zile ziliitwa Eki, umoja. Watu walikula kiapo kutolipa mpaka kodi ipunguzwe. Machi 7, 1922, maelfu walikuwa wamekusanyika kumsikiliza katika eneo la vijiji vya Pal, Dadhvav na Chitariya, Sabarkantha, pale kikosi cha Waingereza, Mewar Bhil Corps, chini ya Meja Sutton kilipofyatua risasi. Serikali ya wakoloni iliandika kwamba waliokufa ni 22. Kumbukumbu za wenyeji zinasema ni zaidi ya elfu moja na mia mbili, na kwamba visima vilijaa miili. Miezi miwili baadaye, Mei, ikawa zamu ya Wagarasia wa Sirohi, vijiji vya Bhula na Valoria, kushambuliwa na kuchomwa moto. Tejawat alijificha milimani kwa miaka, akajisalimisha Khedbrahma mwaka 1929 kwa ushauri wa Gandhi.

Mauaji ya Jallianwala Bagh ya 1919, jeshi la Waingereza lilipoufyatulia risasi umati mjini Amritsar, kila mtoto wa shule India anayajua. Ya Pal na Chitariya hata wanafunzi wenzangu wa historia hapo Ahmedabad, mji ulio mwendo wa saa chache kutoka pale, wengi hawakuyajua. Mwaka 2022, karne moja imetimia, Gujarat ililipitisha tukio hilo kwenye gari la maonyesho katika gwaride la Siku ya Jamhuri mjini Delhi. Gari likapita, watu wakapiga makofi.

Siku hizi dapa haitoki tena ghalani. Mashamba yamegawanywa mafungu kwa mafungu, misitu mingine imegeuzwa hifadhi, na mvua yenyewe mnaijua. Vijana wanashuka. Wanakwenda Ahmedabad na Surat kwenye ujenzi, au wanalima kwa mgao kwenye mashamba ya watu tambarare. Kwa miaka mingi watoto wa Kigarasia na Kibhil walikuwa wakipakiwa kwenye magari aina ya Jeep kila Julai kwenda mashamba ya mbegu za pamba kaskazini mwa Gujarat. Kazi yenyewe inataka vidole vidogo: jioni unachambua ua la pamba kuondoa sehemu ya kiume, asubuhi unachukua ua la aina nyingine na kulipaka chavua, ua kwa ua, mstari kwa mstari, mpaka msimu uishe. Vyama vya wafanyakazi vilipigana sana kuwarudisha madarasani.

Na wengine wanakwenda Pindwara. Huu ni mji ulio kwenye njia ya reli na barabara kuu, wilaya ya Sirohi, katikati ya nchi yao, na kazi yake ni kuchonga mahekalu. Nguzo, kuba, wacheza ngoma wa mawe, tembo wa mawe, vinachongwa hapo, vinapewa namba, vinapakiwa, vinakwenda kuunganishwa kwingine. Sehemu ya mawe ya hekalu la mungu Ram la Ayodhya, lililozinduliwa Januari 2024, yalichongwa Pindwara. Mtindo huohuo wa kuchonga kule na kuunganisha huku umefika mpaka kwetu: hekalu la Swaminarayan la Nairobi, lililofunguliwa 1999, ni la mawe ya manjano ya Rajasthan yaliyochongwa India na kushushwa kwa meli Mombasa. Nimepiga picha pale kama wengine.

Zamani mchongaji alitumia tindo na nyundo. Sasa anatumia grinda ya umeme, na grinda inatoa vumbi jembamba ambalo haliishii kooni. Nilipita kwenye karakana moja. Vijana walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na jiwe lake, wamefunga leso puani, na wote walikuwa na nyusi nyeupe za kizee. Maji ya kumwagia jiwe ili vumbi litulie yangesaidia, lakini yanachelewesha kazi na malipo ni kwa kipande. Ugonjwa unaitwa silikosisi. Mapafu yanakauka na hayaponi. Mara nyingi hospitali inadhani ni kifua kikuu, mgonjwa anameza dawa za TB miezi na miezi, anazidi kukonda. Mwaka 2019 Rajasthan ilitoa sera ya kuwafidia: laki tatu za rupia ukipata cheti cha ugonjwa, laki mbili kwa familia ukifariki, na pensheni. Lakini cheti kinataka picha ya eksirei, jopo la madaktari, na mtu wa kukuonyesha pa kujaza fomu. Mlimani kuna vitongoji ambavyo wajane wake ni wasichana.

Binamu yake rafiki yangu anafanya kazi hiyo. Alitoroka na binti waliyekutana mela, wana mtoto mmoja, na dapa ameshalipa zaidi ya nusu kwa fedha za grinda. Rafiki yangu amemwomba aache. Yeye anasema akimaliza kulipa ataacha. Mahindi ya mwaka jana hayakufanya vizuri. Harusi ameisogeza hadi baada ya Diwali, na mimi nimealikwa, ila nimeambiwa nisikate tiketi kwanza.